Dar hadi Iringa: Safari Inayoandikwa Juu ya Tairi

Kati ya Dar es Salaam na Iringa pana kilomita zipatazo 500 za lami. Dereva wa basi huzihesabu kwa saa, mwenye lori huzihesabu kwa mafuta, na mtoto aliyeketi kiti cha nyuma huzihesabu kwa vituo vya mahindi ya kuchoma. Makala haya yanakuomba uzihesabu kwa njia nyingine, yaani kwa milimita za mpira. Maana barabara hii, tangu Kibaha hadi kwenye kona za Mlima Kitonga, haiachi kuandika juu ya matairi ya gari lako habari za joto lake, za uzito uliopakia, za breki ulizokanyaga na za mwendo uliokwenda. Ajuaye kuyasoma maandishi hayo huokoa fedha zake na, lililo kubwa zaidi, huokoa jamaa aliowapakia. Asiyejua huambiwa kwa kishindo.

Na tuchukue gari la mfano. Siku hizi barabarani mwetu yako mengi yale magari madogo yenye injini kali, yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Maarufu miongoni mwao ni Subaru Impreza WRX pamoja na ndugu yake, Forester yenye turbo. Sifa ya magari haya haikuokotwa njiani. Impreza ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Mwaka 1995 dereva Colin McRae, mzaliwa wa Uskoti, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari akiwa nayo, na mwaka 1997 akashinda nayo Safari Rally katika nchi jirani ya Kenya. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliiona siku hizo wakaipenda. Leo kijana yule amekuwa baba, ana mke na watoto, na mama yake mzee yuko Iringa akingoja wajukuu wakati wa sikukuu. Gari la mashindano limekuwa gari la nyumbani. Injini haina habari na mabadiliko hayo, kwani nguvu zake ni zile zile.

Nguvu hizo zote, pamoja na breki zote na usukani wote, hupitia mahali panne tu panapogusa lami. Kila mahali pana ukubwa upatao kiganja cha mtu mzima. Turbo haina njia nyingine ya kuisukuma gari, wala breki haina njia nyingine ya kuisimamisha. Kwa hiyo mtu aliyenunua gari la kasi kisha akalivika matairi ya kubahatisha hana tena gari la kasi. Analo gari linaloondoka upesi na kusimama kwa shida.

Safari yetu inaanzia nyumbani, asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Upepo wa tairi hupimwa likiwa baridi. Likisha kwenda kilomita chache hewa iliyomo ndani hupata joto na kutanuka, na kipimo hupanda, nawe ukidhani upepo umezidi utaupunguza bure. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa na kiwanda kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa mlango wa dereva. Magari ya Kijapani aghalabu hutumia kipimo cha kPa, hali mafundi wetu wa upepo hutumia PSI. Kumbuka tu kwamba kPa 220 ni karibu sawa na PSI 32. Namba iliyochorwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe ni ya kikomo ambacho tairi halipaswi kukipita, wala si kipimo cha gari lako. Wengi hukosea hapo.

Ukitoka Kimara, barabara pana inakufikisha Kibaha bila taabu. Kisha unapita Mlandizi, unavuka Mto Ruvu, na unaingia katika nchi tambarare iendayo Chalinze. Hapa ndipo joto huanza kazi yake. Kila gurudumu linapozunguka, ubavu wa tairi hukunjika kidogo panapogusa chini na kunyooka tena panapoinuka. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika zaidi, na mkunjo huo hugeuka kuwa joto. Ongeza juu yake lami iliyochomwa na jua la mchana, abiria watano, masanduku nyuma, na mwendo wa gari lenye turbo. Mpira huanza kulegea ndani kwa ndani, nyuzi zilizoushika huachana, na hatimaye tairi hupasuka. Ndiyo maana kando ya barabara hii huonekana vipande vya mpira mweusi vimelala majanini kama ngozi za nyoka. Si kila kipande ni cha lori.

Kabla ya kupasuka, lakini, tairi huwa limekwisha toa taarifa. Tairi lililozoea upepo mdogo huisha kwenye kingo zote mbili, huku katikati kukibaki na kashata nzuri. Lililozoea upepo mwingi huisha katikati, kwani hutuna na kukanyaga kwa tumbo lake tu. Simama Chalinze, penye njia panda ya kwenda Tanga na Moshi, na wakati watoto wanakunywa soda zunguka gari mara moja uyatazame matairi manne. Kazi hiyo haifiki dakika tatu.

Baada ya Chalinze barabara inapita vijiji na mashamba ya mkonge, na Milima ya Uluguru inajitokeza taratibu upande wa kushoto. Morogoro ni mji wa kupumzika, na ni mji mzuri wa kufanyia kipimo cha pili, nacho ni cha kiganja. Injini ikiwa imezimwa na tairi likiwa limepoa kidogo, pitisha kiganja chako juu ya uso wake kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja mkono unateleza na upande wa pili unakwaruzwa mithili ya meno ya msumeno, basi magurudumu yako hayaelekei sawasawa mbele. Yanakwenda huku yakijiburuta. Kama tairi limeisha ukingo mmoja tu, hasa ule wa ndani usioonekana kwa urahisi, basi gurudumu limelala kuliko inavyotakiwa. Mambo haya husababishwa na mashimo, na kingo za barabara za mjini tunazopanda tukitafuta mahali pa kuegesha, na springi zilizokatwa ili gari lishuke chini lipendeze. Tairi jipya likifungwa juu ya kasoro hiyo litaisha vile vile, na fedha zitakuwa zimekwenda na maji. Fundi mwenye mashine ya kupima ulalo wa magurudumu ndiye wa kuonwa kwanza, kisha muuza matairi.

Sasa tunaingia Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na barabara yetu inakatiza ndani yake kwa kilomita zipatazo 50. Twiga hutazama magari kwa utulivu, nyani hukaa pembeni kama abiria waliokosa basi, na pengine tembo huamua kuvuka wakati wake mwenyewe. Vibao vya kikomo cha mwendo vimewekwa kwa ajili yao na kwa ajili yetu. Katika hifadhi, dereva hutakiwa wakati wowote awe tayari kukanyaga breki ghafla, na breki ya ghafla ni mtihani wa tairi kuliko wa pedali. Tazama kama uso wa tairi lako una mabonde madogo madogo yaliyopangana kuzunguka duara lote. Mabonde hayo aghalabu ni ushahidi wa shokapu zilizochoka. Gurudumu halitulii chini bali linarukaruka, na kila linapotua linang'ata kipande. Tairi linaloruka halisimamishi gari.

Kabla na baada ya hifadhi yapo matuta ya vijijini na mashimo ya hapa na pale. Wenye magari ya kasi wanapenda rimu kubwa na tairi lenye ubavu mwembamba, kwa kuwa hupendeza na huitikia usukani upesi. Walakini ubavu mwembamba hauna nafasi ya kupokea pigo. Shimo moja lililogongwa kwa kasi huubana mpira kati ya rimu na lami, nyuzi za ndani zikakatika, na siku ya pili ukaona uvimbe ubavuni kama jipu. Uvimbe huo hauna dawa wala hauzibwi. Tairi la namna hiyo litolewe siku hiyo hiyo, hata kama uso wake ni mpya kabisa. Ikiwa kiwanda kilitoa gari lako na rimu ya inchi 16, usione haya kubaki nayo. Kwa safari za nyumbani ni hekima kuliko inchi 18 za mapambo.

Baada ya mji wa Mikumi barabara inajipinda vilimani, kisha inashuka katika bonde la Ruaha Mkuu. Hili ndilo Bonde la Mibuyu. Mibuyu imesimama kwa maelfu, minene, isiyo na haraka, na hewa ni ya moto. Ukifika Ruaha Mbuyuni utalakiwa na vitunguu vilivyopangwa kando ya njia, vyekundu, vizuri kwa macho na kwa bei. Ni nadra msafiri arudiye Dar kupita bila kununua gunia. Basi hapo tairi linakuuliza swali la uzito.

Jibu limechorwa ubavuni. Chukua mfano wa maandishi 205/55 R16 91V, kipimo kilichotumika kwenye baadhi ya Impreza WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia 55 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 16 ni inchi za rimu. Namba 91 ni ya uzito, na maana yake tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615. Herufi V ni ya mwendo, na maana yake tairi lilijaribiwa kustahimili hadi kilomita 240 kwa saa. Herufi T ni kilomita 190, H ni 210, na W ni 270.

Huenda ukasema kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayekwenda kilomita 240 kwa saa katika barabara ya Iringa, na utakuwa umesema kweli. Lakini herufi hiyo si ruhusa ya kukimbia. Inaeleza uwezo wa tairi wa kuvumilia joto na nguvu za gari hilo, na gari lenye turbo lililojaa watu na vitunguu, likishuka bondeni saa nane mchana, linahitaji uvumilivu huo hata kwa mwendo wa 80. Kwa hiyo tairi jipya lisiwe na namba ya uzito wala herufi ya mwendo iliyo chini ya ile iliyopendekezwa na kiwanda cha gari.

Mbele yako sasa ni Kitonga. Barabara inapanda ukuta wa mlima kona baada ya kona, ukingo mmoja ni mwamba na wa pili ni korongo. Malori yanapanda kwa kunung'unika na mengine yanashuka kwa gia ndogo, na harufu ya breki iko hewani. Katika kila kona uzito wa gari huhamia magurudumu ya nje, na bega la tairi la mbele hukwanguliwa na lami. Dereva anayepaparika huko kila mwezi atakuta mabega ya matairi ya mbele yameisha kabla ya yale ya nyuma.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa wenye magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kama hizo Subaru tulizozitaja. Aghalabu mtu hununua matairi mawili mapya ya mbele na kuyaacha ya nyuma yaliyochakaa, akidhani ameokoa nusu ya gharama. Na tupige hesabu. Tairi jipya la kipimo kile lina kimo cha milimita 632 hivi tangu chini hadi juu. Likiisha kashata zake kutoka milimita 8 hadi 2, kimo chake hupungua kwa milimita 12. Tairi jipya litazunguka mara 504 hivi katika kilomita moja, na lililochakaa mara 514 hivi. Tofauti ya mizunguko 10 haionekani kwa macho. Lakini kutoka Dar hadi Iringa inafika mizunguko kama 5,000, na mizunguko hiyo yote inabebwa na vyuma vilivyo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambavyo vilitengenezwa vivumilie tofauti ya kwenye kona tu. Vyuma hivyo hupata joto na kuchakaa, na siku vikifa gharama yake itapita ile ya matairi mawili uliyokwepa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa gari la namna hiyo kanuni ni moja: matairi manne ya kipimo kimoja, aina moja na kashata zilizolingana. Ili yaishe kwa pamoja, yabadilishane nafasi mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 au 10,000. Yale yenye mshale ubavuni hayahamishwi kwenda upande wa pili, kwani yana mwelekeo wake wa kuzunguka.

Juu ya Kitonga hewa inabadilika. Unapita Ilula na nyanya zake, na unafika Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Tangu Novemba mvua hunyesha nyanda hizi, na maji juu ya lami huongeza jambo lake. Mifereji ya tairi haikuchongwa kwa urembo. Kazi yake ni kuyapisha maji ili mpira uguse barabara. Ikiwa haina kina, maji hukosa pa kupita, tairi likapanda juu yake kama mtumbwi, na usukani ukawa mwepesi mkononi bila kugeuza gari. Ndani ya mifereji utaona vinundu vidogo vya mpira, na alama ya TWI au pembe tatu ukingoni hukuonyesha vilipo. Vina kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha. Lakini mwenye gari la kasi anayepanda Kitonga wakati wa masika asingoje hapo. Ikifika milimita 3 aanze kutafuta mengine.

Basi umefika dukani. Zamani, kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipokuwa kikifanya kazi, mnunuzi wengi wetu alijua tairi lake limetoka wapi. Kiwanda hicho kilisimamisha uzalishaji kabla ya mwaka 2010, na leo rafu zimejaa majina ya kila upande wa dunia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo usisikilize sifa bali soma ubavu.

Kwanza, soma kipimo, namba ya uzito na herufi ya mwendo, kama tulivyokwisha eleza.

Pili, soma umri. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT utakuta namba nne. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, hukauka na kufanya nyufa, na viwanda vingi vya matairi hushauri tairi lisipite miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama uso wake haujaisha. Tairi linalong'aa kwa kupakwa dawa nyeusi linaweza kuwa kikongwe.

Tatu, tazama lilitengenezwa kwa nchi gani. Baadhi ya magari kutoka Japani hufika yakiwa na matairi ya theluji, yenye alama ya kipande cha theluji ndani ya mlima, au neno STUDLESS. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu. Juu ya lami ya Chalinze huisha upesi na hulegalega kwenye kona. Kashata zake nene humhadaa mnunuzi akadhani amepata bahati.

Nne, soma neno TREADWEAR na namba inayolifuata. Namba kubwa, kama 400, ni ya mpira mgumu unaodumu. Namba ndogo, kama 180, ni ya mpira laini unaoshika barabara na kuisha mapema. Namba hizo hulinganishwa vizuri zaidi kati ya matairi ya kiwanda kimoja. Tairi la uwanja wa mashindano halimfai mwenye familia, na tairi gumu kupita kiasi halifai gari lenye nguvu wakati wa mvua. Aliye na gari la kasi na watoto nyuma atafute la kati, lenye herufi A mbele ya neno TEMPERATURE, kwani ndiyo daraja ya juu ya kuvumilia joto.

Na matairi yaliyokwisha tumika? Huwezi kujua yalipigwa shimo gani, wala yalikimbizwa mara ngapi bila upepo. Majeraha ya nyuzi za ndani hayaonekani dukani, yanajitokeza bondeni penye mibuyu.

Matairi manne mapya ni fedha nyingi katika nyumba ya mfanyakazi, na hakuna anayelikana hilo. Kwa sababu hiyo yafaa yawe na fungu lake katika hesabu ya kila mwezi, kama kodi ya nyumba na ada ya shule, tangu siku yale ya sasa yalipofungwa. Mwenye kuweka kidogo kidogo hatalazimika kuchagua mawili ya haraka juma moja kabla ya Krismasi. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuliwasha gari, atoke na kipimo cha upepo, ayapime matairi yote manne pamoja na lile la akiba, apitishe kiganja juu ya kila moja, na amwite mtoto wake mkubwa aje atazame jinsi inavyofanywa.